PPF ya gari: tafuta fundi kwanza, filamu baadaye

Ukitoa gari mpya au ukiipiga rangi upya, haipiti muda unaanza kuona vidoa vidogo vidogo mbele ya boneti, vimechimbika mpaka chini ya rangi, na hapo ndo watu wengi wanaanza kuulizia PPF, ile filamu ya plastiki ya kulinda rangi. Wakishaulizia wanachanganyikiwa zaidi. Huyu anataja maikroni, yule anataja waranti ya miaka 10, mwingine anasema achana nayo weka seramiki inatosha, wa nne bei yake ni nusu ya wenzake na anakuapia kwamba ni kitu kilekile. Mwisho wa siku mtu anachagua kwa jina la brandi au kwa bei, na kote huko sio pa kuanzia. Msimamo wangu nausema mapema kabisa: filamu nzuri siku hizi ziko nyingi, mafundi wazuri ni wachache, kwa hiyo tafuta fundi kwanza, alafu kwenye zile filamu anazozijua vizuri ndo uchague.

Ila huwezi kumpima fundi kama hujui anabandika nini, kwa hiyo tuanze na plastiki yenyewe.

Hii kitu ni nini hasa

PPF ni filamu ya plastiki, angavu, inayobandikwa juu ya rangi ya gari ili mawe, mchanga, wadudu na mikwaruzo viishie kwenye plastiki. Asili yake ni jeshini. Wakati wa vita vya Vietnam mapanga ya helikopta za Marekani yalikuwa yanaliwa na mchanga na vipande vya mawe, kampuni ya 3M ikatengeneza utepe wa poliyurethani wa kuyafunika, na baadaye wazo hilohilo likahamia kwenye magari ya mashindano alafu kwenye magari yetu haya ya kila siku. Zile za zamani zilikuwa zinageuka njano na kupasuka juani, ndo maana mpaka leo kuna watu wanaamini kila PPF mwisho wake ni njano. Siku hizi haiko hivo tena, lakini inategemea umebandikiwa ipi.

Filamu moja ina tabaka kadhaa. Juu kabisa kuna koti jembamba sana ambalo linafukuza maji na uchafu, na hilohilo ndo linalojiponya mikwaruzo midogo. Chini ya hilo koti ndo kuna nyama yenyewe, poliyurethani inayonyumbuka, ile wanayoiandika TPU. Chini ya TPU kuna gundi ya akriliki inayoshika kwa kubonyezwa, na chini ya gundi ni karatasi ya kubandua ambayo fundi anaitupa.

Unene sasa. Filamu nyingi zinacheza kwenye maikroni 150 mpaka 200 (maikroni 1,000 ndo milimita moja), na ukikuta wameandika mil 8 usishtuke, mil moja ni maikroni 25 na kidogo kwa hiyo ni zilezile 200. Namba hiyo peke yake haikwambii kitu mpaka uiweke karibu na rangi ya gari. Rangi ya kiwandani yote, kuanzia kwenye bati mpaka juu, mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 150, na klia, ile ya juu inayong'aa na kulinda rangi, ni kama 40 au 50 tu. Yani hiyo filamu ni nene kuliko rangi yote iliyo chini yake, na inanyumbuka, jiwe likipiga inabonyea na kulipunguza nguvu. Huo ndo uchawi wote wa PPF, unene na mnyumbuko.

Ukishaelewa hapo, ubishi wa seramiki unaisha wenyewe. Seramiki ni kimiminika kinachopakwa kikakauka kuwa tabaka la maikroni chache sana. Faida zake ni za kweli, gari inang'aa, maji yanateleza, uchafu haung'ang'anii, kuosha kunakuwa rahisi. Lakini tabaka la maikroni chache halizuii kokoto inayokuja kwenye mwendo wa barabara kuu, na anayekwambia inazuia ama hajui ama anataka hela yako. Stika za kubadilisha rangi nazo nyingi ni PVC, aina nyingine ya plastiki, ya maikroni 80 mpaka 100 hivi, zimetengenezwa kwa ajili ya muonekano, zitakusaidia kwa mkwaruzo wa juu juu basi. Watu wengi wanaweka PPF kwanza alafu seramiki juu yake ili kuosha kuwe rahisi, hiyo haina shida, mradi unajua kila moja unailipia kwa kazi gani.

Kwa nini bei zinapishana hivo

Sababu kubwa ni plastiki gani iko katikati. Kuna inayouzwa kama PPF na ndani ni PVC. Kuna inayoitwa TPH, jina linafanana na TPU kwa makusudi, na mara nyingi ni PVC iliyoongezewa vilainishi ili ivutike. Tatizo la vilainishi ni kwamba havikai, jua na joto vinavitoa polepole, filamu inakakamaa, inaanza kupasuka, na siku ya kuibandua inatoka vipande vipande huku gundi imebaki kwenye rangi. Hapo ile nafuu uliyoipata mwanzo unairudisha kwenye kazi ya kutoa gundi, na ni kazi ya kuchosha kweli.

TPU yenyewe nayo ina aina mbili, alifatiki na aromatiki. Molekuli za aromatiki zina pete ambazo zikipigwa na mionzi ya jua zinabadilika, na kubadilika kwake ndo ile njano. Alifatiki haina hizo pete, inastahimili jua vizuri zaidi. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi tu: hii ni TPU alifatiki? Akijibu kwa kukuonesha karatasi ya vipimo ya kiwanda, vizuri. Akianza kuzunguka na maneno ya "hii ni kali bro, ni ya kimataifa", hapo umeshapata jibu.

Njano inaweza kutokea pia kwa gundi duni, au koti la juu limeshika madoa ya moshi na utomvu wa miti, hasa kwenye gari nyeupe ambapo kila kitu kinaonekana. Madoa ya juu mara nyingi yanasafishika. Njano iliyo ndani ya plastiki au kwenye gundi haitoki, hiyo ni kubandua tu.

Omba kipande cha filamu ukishike mkononi. Kivute kwa vidole viwili alafu kiachie. TPU nzuri inarefuka na kurudi karibu kama ilivyokuwa, PVC inarefuka na kubaki imelegea pale ulipoivuta. Sio kipimo cha maabara lakini kinakuondolea maneno mengi ya mauzo.

Kuhusu kujiponya, watu wanaoneshwa video mtu anakwaruza boneti kwa brashi ya waya, anamwaga maji ya moto, mikwaruzo inapotea, na wanaondoka wakiamini filamu inajishona yenyewe. Kinachopona ni mikwaruzo iliyoishia kwenye lile koti la juu, ile miduara miduara ya kuoshea inayoonekana juani. Joto linalilainisha koti, linarudi kwenye umbo lake. Ikikatwa na ufunguo au jiwe lenye ncha mpaka kwenye TPU, hiyo haiponi, na ndo kazi yake filamu imeifanya, imekatwa yenyewe rangi ikapona. Hicho kipande kinabadilishwa peke yake.

Alafu usikimbilie iliyo nene kuliko zote. Filamu nene inazuia zaidi ndio, lakini inakuwa mbishi kukunjwa kwenye kona za bampa, inataka kurudi ilikotoka, na kona ndo zinaanza kunyanyuka. Ukitajiwa unene uliza kabisa: ni wa filamu na gundi tu, au mmejumlisha na karatasi za kubandua?

Gari yenye rangi ya mati, yani isiyong'aa, inahitaji filamu ya mati, ukiiweka ya kung'aa gari nayo itang'aa. Kinyume chake pia kinawezekana, wapo wanaoweka filamu ya mati juu ya rangi ya kung'aa ili kubadilisha sura ya gari na kuilinda kwa mkupuo mmoja.

Uweke wapi

Fikiria jiwe linatoka wapi. Mengi yanarushwa na tairi za gari iliyo mbele yako, yanakuja kupiga bampa, ncha ya boneti, fenda za mbele, taa, migongo ya vioo vya pembeni na nguzo za kioo cha mbele. Mengine, na hapa watu wengi hawapakumbuki, yanarushwa na tairi zako mwenyewe. Chuchumaa pembeni ya gari iliyotembea sana uangalie sehemu ya chini ya milango na lile eneo la bodi lililo mbele ya tairi la nyuma, utakuta pamepigwa kama pamemwagiwa risasi, wakati juu kidogo tu rangi ni safi kabisa.

Kuna ile ofa ya kufunika theluthi ya mbele ya boneti tu. Ni ya bei ndogo, na kwa gari ya kazi inatosha, ila ujue kutakuwa na mstari unaokatiza boneti, vumbi na nta vitakuwa vinakaa kwenye huo mstari, na kwenye gari nyeusi au nyeupe utauona kila ukisogea. Mimi kama bajeti ni ya kubana ningefunika mbele yote kikamilifu, boneti nzima na fenda nzima, pamoja na chini ya milango, badala ya kuchukua filamu dhaifu nikafunika gari zima. Ongeza vile vishimo vya nyuma ya vitasa ambako kucha zinakwaruza, kingo za milango, na juu ya bampa la nyuma pale mizigo inapoburuzwa ukifungua buti. Hivi vipande ni vidogo, havili filamu nyingi, na vinaokoa mikwaruzo ya kila siku.

Gari zima lina maana kama rangi ni ya mati, ambayo haipigiki polishi, au kama ni rangi nyeusi laini inayokwaruzika hata kwa kitambaa, au kama unataka tu gari yako ikae vizuri miaka mingi na uwezo unao. Sio lazima kwa kila mtu na fundi mwaminifu atakwambia hivo.

Fundi sasa

Filamu ya daraja la kwanza ikibandikwa vibaya ni hasara kuliko filamu ya kawaida iliyobandikwa vizuri. Nalisema hili nikiwa na uhakika kwa sababu karibu kila malalamiko ya PPF unayoyasikia, kona kunyanyuka, punje za vumbi chini, mistari, wembe kukata rangi, yanaanzia mikononi.

Kuna njia mbili za kazi. Ya kwanza ni ya plota: fundi ana programu yenye michoro ya kila modeli ya gari, mashine inakata kipande kinachoendana na boneti yako au bampa lako, yeye anakibandika. Hakuna wembe unaogusa rangi. XPEL ambayo leo watu wanaijua kwa filamu ilianza kama kampuni ya programu za michoro hiyo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kipande kisipopanuliwa kwenye programu kinaishia milimita moja au mbili kabla ya ukingo wa bati, kwa hiyo ukingo wenyewe unabaki wazi na mstari unaonekana ukikaribia. Njia ya pili ni kuchukua filamu ya kwenye rola, kuitandaza juu ya sehemu nzima, na kuikata palepale kwenye gari. Kingo zinakunjwa vizuri, ila fundi asiye na mkono mwepesi anapitisha wembe kwenye filamu na kwenye klia kwa pamoja. Huo mkato hutauona leo, utauona siku filamu inatolewa, au kutu ikianza kujitokeza kwenye huo mstari.

Ipi bora? Nzuri kuliko zote ni fundi anayetumia plota lakini anaupanua mchoro ili kingo zikunjwe ndani, na pale anapolazimika kukata juu ya gari anatumia utepe wenye uzi wa kukatia, unalazwa chini ya filamu na kuvutwa, unakata bila wembe. Muulize: "ni sehemu gani za gari yangu utakata kwa wembe juu ya rangi, na kwa nini?" Fundi anayejua kazi atakutajia sehemu moja moja bila kukasirika. Anayesema "usijali, tuna uzoefu" hajakujibu.

Nenda ukamuone anafanya kazi, hasa bampa, kwa sababu boneti ni tambarare na kila mtu anaiweza, bampa ndo mtihani. Kwanza ananyunyiza maji yenye shampuu kidogo kwenye bati na kwenye gundi, filamu inaelea, anaweza kuisogeza mpaka ikae sawa. Alafu anachagua sehemu chache za kuishikisha, hapo anatumia maji yaliyochanganywa na spiriti ambayo yanakausha ule utelezi ili gundi iume. Kutoka hapo anavuta taratibu kuelekea kwenye kona, anasambaza mvuto kwenye eneo kubwa, anasukuma maji nje kwa kibao cha mpira, mstari kwa mstari, kila mstari ukilalia kidogo uliopita. Mtu mzuri anavuta kidogo sehemu nyingi. Mtu mbaya anasubiri makunyanzi yajikusanye kwenye kona alafu anavuta kona peke yake kwa nguvu na kuipiga joto mpaka ilale. Inalala kweli, siku hiyo. Baada ya wiki chache, filamu iliyovutwa kupita kiasi inajirudi na kona inafunguka, vumbi linaingia, na huwezi tena kuibandika.

Angalia na chumba. Vumbi ndo adui mkubwa, unywele mmoja ukinaswa chini ya filamu ya boneti unauona kila siku. Chumba kiwe kimefungwa, sakafu imesafishwa na ikiwezekana imelowanishwa, mwanga mkali kutoka pembeni. Kama kwenye jengo hilohilo kuna mtu anapiga msasa au anapulizia rangi, ondoka tu hata kama huyo fundi ni mzuri kiasi gani. PPF ya chini ya mti usijaribu.

Maandalizi yanakula muda kuliko watu wanavyodhani na ndo ya kwanza kurukwa na mafundi wa haraka haraka. Gari inaoshwa, vipande vya chuma vya breki vilivyogandia vinayeyushwa kwa dawa yake, inapitishwa udongo maalumu unaonasa uchafu uliojichomeka kwenye klia, alafu inapigwa polishi kuondoa miduara. Kila kitu kilichobaki juu ya rangi kinafungiwa humo kwa miaka, mkwaruzo utauona kupitia filamu kama kawaida. Hata gari iliyotoka kiwandani juzi inahitaji kusafishwa hivi, imesafirishwa, imekaa yadi, imefutwa futwa. Makini ni yule anayeizunguka gari na wewe kabla ya kuanza, anapiga picha za kila kidoa, na anapima unene wa rangi kwa kile kimashine kidogo.

Hapo kwenye kupima rangi nakaa kidogo. Kama gari ilishapigwa rangi gereji, sema. Usifiche. Rangi ya kiwandani inaokwa kwa joto kubwa na inashika sana, rangi ya gereji inategemea aliyeandaa bati, na kama haikushika vizuri basi siku filamu inatolewa inaondoka na rangi. Na kama imepigwa juzi juzi, ngoja. Mapendekezo ya kawaida ni angalau siku 30, mengine ni zaidi, fuata maelekezo ya rangi iliyotumika, kwa sababu bado inatoa mvuke na ukiifungia itavimba chini. Klia iliyoanza kubanduka yenyewe haifai kuwekewa PPF kabisa.

Muda nao unaongea. Mbele yote ikifanywa kwa maandalizi ya maana inachukua siku moja mpaka mbili, gari zima siku kadhaa. Anayekwambia lete gari zima asubuhi uje jioni, kuna hatua ameziruka.

Na picha za mtandaoni usizitegemee, gari iliyobandikwa saa mbili zilizopita huwa inapendeza hata kama kazi ni mbovu. Omba kuona gari aliyoifanya mwaka mmoja au miwili nyuma. Fundi mwenye wateja wanaorudi hakosi. Ukiipata, washa tochi ya simu uilaze karibu na bati, mwanga upite kwa ubavu. Fungua boneti uone kama filamu imezungushwa mpaka chini ya ukingo. Pitisha kidole kwenye kona za bampa, kwenye mzunguko wa taa, pembeni ya tundu za sensa za kuegesha, kama kuna pahali kidole kinakwama ni filamu imenyanyuka. Tafuta mistari ya mawimbi kwenye gundi, hiyo ni dalili ya kuvutwa sana. Uliza nembo zilitolewa na kurudishwa au filamu imekatwa kuzizunguka, kuzitoa ni kazi safi zaidi.

Waranti na siku ya kuchukua gari

Waranti ziko mbili na zinachanganywa sana. Ya kiwanda inahusu plastiki: kugeuka njano, kupasuka, kububujika, kuachana tabaka. Haihusu jiwe lililotoboa filamu. Ya fundi inahusu kazi yake: kona, vumbi, mistari. Ile "miaka 10" unayooneshwa karibu kila mara ni ya kiwanda, kwa hiyo uliza ya fundi ni muda gani na iandikwe. Uliza pia kama gharama ya kutoa na kubandika upya imo au unapewa rola tu. Viwanda vingi vinataka filamu iwe imewekwa na fundi aliyeidhinishwa, kwa hiyo risiti iandike jina kamili la filamu, namba ya rola, sehemu zilizofunikwa, na uhakikishe imesajiliwa kwa jina lako. Kuna watu wanabandika filamu ya bei rahisi na kutaja jina kubwa, namba ya rola ndo kinga yako, omba kuona boksi kabla haijafunguliwa.

Siku ya kuchukua gari usiogope ukiona ukungu kidogo au vipovu vya maji. Maji yaliyobaki chini yanatoka polepole kupitia filamu, siku kadhaa mpaka wiki chache kutegemea hali ya hewa. Cha kutofautisha ni hiki: kibonyeze taratibu, cha maji kinasogea na kubadilika umbo, cha uchafu kina punje ngumu katikati na hakiendi popote. Cha maji kiache. Cha uchafu muoneshe fundi hapohapo, punje moja mbili kwenye gari zima ni kawaida, boneti yenye punje kila kiganja sio kawaida. Usitoboe kitu kwa sindano. Usioshe gari kwa wiki moja hivi, na mkubaliane tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili tatu aziangalie kona tena, fundi mzuri analipendekeza yeye hata kabla hujauliza.

Baada ya hapo matunzo ni mepesi. Presha ya maji usiisogeze karibu na kingo, kaa angalau sentimita 30 na usipige kwa pembe inayoingia chini ya filamu. Mashine za kuosha zenye brashi achana nazo. Kinyesi cha ndege na wadudu vitoe mapema, vinachoma lile koti la juu kama vinavyochoma klia, na ukiviacha juani siku mbili tatu vinaacha alama. Petroli na dawa kali za kutolea lami zisikae juu yake.

Na siku ya kuitoa itafika, hakuna filamu ya milele. Usisubiri ikakamae. Ikianza kupoteza mng'ao, kushika madoa yasiyotoka, au kupasuka nyufa ndogo ndogo juu ya boneti ambako jua linapiga moja kwa moja, ipeleke. Inapashwa joto, inavutwa taratibu ikijikunja kurudi nyuma karibu na bati, gundi ikibaki inasafishwa kwa dawa yake. TPU nzuri ikitolewa kwa wakati inatoka vipande vikubwa vizima. Iliyochelewa inakatika kila inchi, na hapo fundi anakuchaji kwa masaa. Kwa hiyo kwenye yale maswali ya siku ya kwanza ongeza na hili: kuitoa hii baadaye utanifanyia wewe, na kwa bei gani?